Rangi Halisi ya Katuni ni Ipi? Somo kwa Mnunuzi wa Filamu za Kutazama Nyumbani

Mwezi Juni, wakati baridi ya Mafinga imekaza na ukungu unakawia kuondoka juu ya misitu ya Sao Hill, kaka na mdogo wake walifika kwenye meza yetu ya elimu kwa mlaji, si mbali na stendi ya mabasi. Kaka mtu ni mpasua mbao. Mdogo wake ni mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo. Baada ya salamu, kaka alitoa diski ya The Lion King, filamu ya katuni iliyotolewa na Disney mwaka 1994, akasema aliinunua dukani kwa shilingi 20,000 baada ya kuhakikishiwa kwamba ni orijino. Watoto walipoitazama, nyasi zilikuwa za kijani kinachochoma macho, na anga la alfajiri lilikuwa jekundu kama tofali. Mdogo wake naye alifungua begi akatoa kanda ya video ya filamu hiyohiyo, iliyoachwa na marehemu baba yao, akatuomba tuamue.

“Kaka, rangi za kwenye kanda ndizo zenyewe,” alisema. “Hizo za diski zimepakwa upya.”

“Mimi sigombanii rangi, mdogo wangu,” kaka alijibu. “Nagombania hela yangu.”

Muuzaji alikuwa amekwisha kumjibu kwamba bidhaa ikifunguliwa hairudishwi, na kwamba katuni haina rangi orijino kwa kuwa simba wa kuchorwa hakuzaliwa na rangi yoyote. Hoja hiyo ya pili ina uzito kuliko inavyoonekana, ingawa aliyeitoa alikuwa anajitetea. Tunalieleza shauri hili kwa kirefu kwa sababu wanunuzi wengi wa filamu hukasirikia rangi na kushindwa kujua wamlalamikie nani: aliyetengeneza filamu, aliyeiuza, au runinga yao wenyewe.

Rangi zilizochaguliwa na rangi zilizofika

Filamu hii ina undugu na sisi. Watengenezaji wake walifika Kenya na kutembelea Hifadhi ya Hell's Gate kabla ya kuchora miamba na nyika yao. Majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa yametoka katika Kiswahili. Mtazamaji wa Iringa aliyewahi kufika Ruaha anaweza kusema kwamba nyasi anazijua na haziko hivyo. Hata hivyo, ushahidi wa nyasi za Ruaha hausaidii hapa. Mchoraji hakunakili nyika. Alichagua rangi zake mwenyewe. Linaloulizwa ni kama rangi zilizomfikia mnunuzi ndizo zilizochaguliwa, na kama sizo, ni nani aliyezibadili njiani.

Zamani michoro ya katuni ilipakwa rangi kwa brashi juu ya karatasi angavu za plastiki, kisha kila mchoro ukapigwa picha. The Lion King ilitengenezwa kwa njia nyingine. Michoro ilichorwa kwa penseli, ikaingizwa katika kompyuta, na rangi zikatiwa humo humo, kwa mfumo ambao Disney iliutumia katika filamu nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1990, katika The Rescuers Down Under. Lakini majumba ya sinema ya miaka hiyo hayakuonyesha mafaili ya kompyuta. Kila picha ilihamishiwa kwenye utepe wa filamu wa milimita 35, na utepe huo ndio uliopita mbele ya taa ya projekta.

Utepe una tabia zake. Hauzipokei rangi zote sawasawa, na mwanga unaopenya ndani yake haufanani na mwanga wa kioo cha kompyuta. Waliotengeneza Toy Story, filamu ya 1995 iliyofanywa yote kwa kompyuta, walilazimika kuzirekebisha rangi zao wakijua kwamba utepe utazigeuza. Kijani, kwa mfano, kilikuwa kikiingia giza upesi. Walichagua rangi fulani kwenye kompyuta ili ionekane rangi nyingine ukutani. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza filamu za namna hiyo zilikuwa na sura mbili, ya kwenye data na ya kwenye utepe, na watazamaji waliokata tiketi waliiona ile ya pili tu.

Kanda za video za miaka ya 1990 kwa kawaida zilitolewa kwenye utepe. Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1999 filamu ya A Bug's Life ilitolewa kwa ajili ya nyumbani moja kwa moja kutoka kwenye data ya kompyuta, bila kupitia utepe, na ilikuwa ya kwanza kufanyiwa hivyo. Oktoba 2003 DVD ya The Lion King ilifuata njia hiyo. Picha zikawa safi, bila vumbi wala mikwaruzo, lakini rangi zikawa kali kuliko walizozikumbuka watu wa 1994.

Hapo ndipo wapenzi wa katuni wanapogawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba data ndiyo kazi ya mchoraji mwenyewe na utepe ulikuwa chombo cha kuibebea tu. Wapo wanaojibu kwamba mchoraji alitia rangi akiufikiria utepe, hivyo kuziuza rangi za data bila kuzirekebisha ni sawa na kuuza unga ambao haujapikwa ukauita ugali. Tukitakiwa kusema lipi linatuelekea, tunaona wa pili wana hoja yenye nguvu zaidi kuhusu sanaa. Kuhusu biashara, hata hivyo, mchapishaji anayeitoa filamu yake kwa rangi za data hajamdhulumu mtu, mradi asiandike kwenye kava jambo lisilokuwamo ndani.

Na kava liliwahi kuzua ugomvi kweli. DVD hiyo ya 2003 ilitoa nafasi ya kuchagua kati ya toleo jipya, lenye wimbo ulioongezwa, na lile lililoitwa toleo la awali la majumba ya sinema. Wapenzi walipolitazama hilo la awali waligundua kwamba mamba wa kwenye wimbo mmoja walikuwa wamechorwa upya, kama walivyokuwa wamebadilishwa kwa ajili ya maonyesho ya IMAX ya mwaka 2002. Malalamiko yao yalikuwa na msingi mmoja ulio wazi: mtu alichagua neno “awali” na akapewa kitu ambacho si cha awali.

Wanunuzi wa Japani

Shauri la rangi lililofika mbali kuliko yote tunayoyajua ni la Japani. Mwaka 2002 DVD ya Spirited Away, katuni ya Studio Ghibli iliyoongozwa na Hayao Miyazaki, iliuzwa nchini humo ikiwa na wekundu uliotanda juu ya picha nzima. Kuta nyeupe zilionekana za waridi. Wanunuzi walilalamika, upande wa wauzaji ulijibu kwamba rangi zilirekebishwa kwa makusudi na diski haikuwa na kasoro. Baadhi ya wanunuzi hawakuridhika, wakaenda mahakamani mjini Kyoto, na shauri likaisha kwa suluhu mwaka 2004. Filamu hiyo ilipotolewa tena Japani kwenye diski ya Blu-ray mwaka 2014, wekundu ule haukuwapo.

Tunawapendea wanunuzi wale jambo moja. Hawakudai kwamba filamu imewachukiza. Walisema kwamba filamu waliyoiona sinema na filamu waliyonunua hazifanani, na kwamba hakuna maandishi yoyote kwenye kava yaliyowaonya. Malalamiko ya namna hiyo yanaweza kupimwa. Malalamiko ya kwamba “rangi ni mbaya” hayapimiki, na ofisa yeyote atakayeyapokea atakosa pa kuanzia.

Kumbukumbu nayo si shahidi wa kuaminika siku zote. Wengi wanaamini gauni la Cinderella, katika filamu ya 1950, ni la buluu. Ndani ya filamu gauni lile lina rangi ya fedha. Buluu ilienezwa na wanasesere, mabegi ya shule na vitabu vya picha. Matoleo ya nyumbani ya miaka ya karibuni yalilaumiwa kwa kulisogeza gauni kwenye buluu na kufuta mistari midogo ya penseli, na mwaka 2023 Disney ilitoa usafishaji mpya wa filamu hiyo uliorudi kwenye negativu za awali. Mnunuzi aliyelilia buluu na mnunuzi aliyelilia fedha walikuwa wakitazama filamu moja.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ulio rahisi zaidi. Edward Saidi Tingatinga, msanii mwenye asili ya Tunduru, alianza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao laini. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake uliendelea, na mwaka 2010 ulionekana runingani katika mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi katika studio za Homeboyz. Katuni ile ilizaliwa kwenye kompyuta na kwa ajili ya runinga. Haikupita kwenye utepe wa sinema, kwa hiyo hakuna rangi mbili za kugombania. Ikionekana tofauti kati ya nyumba yako na ya jirani, karibu kila mara sababu imo ndani ya nyumba mojawapo.

Uchunguzi uanzie nyumbani

Tuliwaomba wale ndugu twende pamoja kwa fundi wa runinga ambaye bado ana deki ya kanda inayofanya kazi. Kaka alibeba runinga yake. Fundi, mzee mwenye subira, hakuigusa diski kwanza; alichukua rimoti akafungua menyu ya picha.

Runinga nyingi mpya hutoka kiwandani, au hubaki baada ya kukaa dukani, zikiwa kwenye mpangilio wa kuvutia wateja, unaoandikwa kwenye menyu “Vivid” au “Dynamic”. Mpangilio huo huongeza ukali wa rangi na kuusogeza weupe kwenye ubuluu ili kioo kishindane na taa za duka. Nyumbani usiku huharibu katuni kuliko filamu ya watu, kwa kuwa katuni ina maeneo mapana ya rangi moja. Badili uende kwenye mpangilio wa filamu, ulioandikwa “Movie” au “Cinema”. Kisha tafuta joto la rangi na uchague “Warm”. Wanaotengeneza filamu za nyumbani hutumia weupe wa takriban nyuzi 6,500 za Kelvin, na mpangilio huo ndio unaoukaribia. Siku ya kwanza picha itaonekana ya manjano. Itazame jioni mbili tatu kabla hujaamua. Punguza pia kipengele cha ukali wa picha, kwa sababu huchora ukingo mweupe kandokando ya kila mstari wa mchoraji, na ukingo huo haumo kwenye filamu.

Nyaya nazo zichunguzwe. Deki inayounganishwa kwa nyaya tatu za picha, yaani kijani, buluu na nyekundu, hutoa rangi za ajabu waya mmoja ukilegea au ukichomekwa tundu lisilo lake. Tumewahi kuona sebule nzima ikilaumu diski kwa kosa la waya wa buluu.

Diski zilizoletwa na ndugu kutoka nje zina mambo yao. Runinga za kwetu zilifuata mfumo wa PAL, kama Uingereza. Diski za Marekani na Japani hufuata NTSC. Ukicheza diski ya NTSC kwenye runinga ya zamani isiyoujua mfumo huo, picha inaweza kutoka nyeusi na nyeupe, na hiyo si kasoro ya diski. Pia zipo alama za kanda za dunia: Tanzania imo katika kanda namba 5 ya DVD, na diski ya kanda nyingine inaweza kukataa kabisa kucheza. Uliza mambo haya mawili kabla ya kulipa. Kwa upande wa PAL, usishtuke filamu ya dakika 88 ikiisha baada ya dakika 84 na kitu. Mfumo huo huonyesha picha 25 kwa sekunde mahali pa 24 za sinema, hivyo filamu hukimbia kidogo bila kukatwa.

Baada ya fundi kurekebisha runinga, anga lilitoka kwenye wekundu wa tofali likawa la rangi ya chungwa, na nyasi zikatulia. Kaka alinyamaza kidogo. Kanda ilipochezwa baada ya diski, tofauti ilibaki: kanda ilikuwa na rangi laini za kahawia, diski ilikuwa angavu. Mdogo alitabasamu akidhani ameshinda, lakini fundi alimwonyesha kwa kidole jinsi wekundu kwenye kanda ulivyovuja nje ya mistari ya mchoro. Kanda za VHS hurekodi rangi kwa uhafifu mkubwa kuliko zinavyorekodi mwanga na kivuli, na hiyo ilikuwa na miaka mingi ya kuchezwa. Ulaini aliokuwa akiupenda ulitokana kwa sehemu na utepe wa sinema na kwa sehemu na uchakavu, na hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kuvitenganisha.

Geuza diski uitazame chini

Jambo moja halikuondoka kwa rimoti. Kwenye anga la alfajiri, mahali ambapo rangi inapaswa kufifia polepole kutoka chungwa hadi manjano, palikuwa na ngazi: mstari wa rangi, kisha mwingine, kama tabaka za udongo kwenye ukingo wa barabara. Fundi alitoa diski akaigeuza. Sehemu ya chini ilikuwa ya zambarau.

DVD iliyochapishwa kiwandani huwa na rangi ya fedha chini, au ya dhahabu hafifu ikiwa ina tabaka mbili. Zambarau ni dalili ya diski tupu iliyochomwa kwa kompyuta. Diski ya kawaida ya kuchoma hubeba gigabaiti 4.7, ilhali diski ya kiwandani ya tabaka mbili hubeba 8.5. Anayeihamisha filamu kubwa kwenye diski ndogo huiminya, na mipito laini ya rangi huwa miongoni mwa vinavyoumia kwanza. Zile ngazi angani, basi, hazikuwekwa na Disney wala na runinga. Tulipolichunguza kava tuliona herufi zilizofifia na hatukuona stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato.

Hapo shauri likabadilika sura. Kama diski ingekuwa halali, tungemwambia kaka kwamba ukali uliobaki ni uamuzi wa mchapishaji na kwamba hana dai. Lakini risiti yake, iliyoandikwa kwa mkono, ilisema: “DVD orijino 1, 20,000.” Neno hilo moja ndilo lililombana muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa zake. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” haliufuti wajibu huo. Kunakili na kuuza filamu bila idhini ya mwenyewe ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na hilo haliishi kwa mnunuzi kurudishiwa fedha.

Ukikutwa na jambo kama hili, omba risiti inayotaja bidhaa kwa jina na kwa sifa uliyoambiwa, hata kama utamsumbua muuzaji aandike maneno matatu zaidi. Cheza diski kwenye runinga mbili kabla ya kulalamika. Piga picha sehemu ya chini ya diski, kava na kioo kikionyesha kasoro. Rudi kwa muuzaji kwanza, na shahidi mmoja akiwezekana, useme kwa utulivu kitu ulichoahidiwa na kitu ulichopata. Akikataa, malalamiko ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa hupokelewa na Tume ya Ushindani. Peleka nakala ya risiti na ubaki na yenyewe.

Muuzaji wa Mafinga hakuhitaji kufikishwa huko. Alisomewa risiti yake, akatazama ile zambarau, akafungua droo. Kaka alipokea noti mbili za elfu kumi, na mdogo wake akatuuliza kama sasa tunakubali kwamba kanda ndiyo yenye rangi za kweli. Tulimjibu kwamba iko karibu na walivyoona watu wa sinema kwa upande wa ulaini, na mbali nao kwa upande wa usafi. Hakuridhika sana na jibu hilo. Fundi alimshauri aihifadhi kanda ikiwa imesimama wima, ndani ya kasha lake, mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa maji, kwa kuwa unyevu wa Mafinga huotesha kuvu kwenye utepe, na kanda yenye kuvu huchafua deki na kanda zote zitakazofuata.